Tujibuni kwa maandishi: barua ya wazi kuhusu Zanzibar Heroes

Kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), na kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF).

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Nawaandikia kutoka Wete, Pemba. Asubuhi nasomesha skuli, na ikishasaliwa Alasiri nafundisha mpira vijana wa chini ya miaka 17. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne bila ya posho, na sijaijutia hata siku moja. Sikuandika kuomba njumu wala mipira, ingawa hivyo navyo havitoshi. Nimeandika kwa sababu ya fomu, na kwa ajili ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar.

Mwaka juzi tulipata nafasi ya kupeleka vijana wanane kwenye majaribio Bara. Nikatumiwa fomu za kuwaandikisha: jina, tarehe ya kuzaliwa, nafasi anayocheza, mguu anaotumia, mkoa. Penye mkoa nikaandika Kaskazini Pemba, maana ndio mkoa wetu. Tulipofika, kijana aliyekuwa akipokea fomu akanirudishia zote nane. "Mwalimu," akaniambia, "kwenye orodha yetu hakuna Kaskazini Pemba. Andika Zanzibar." Nikamwambia Zanzibar si mkoa, ina mikoa mitano ndani yake. Hakunijibu vibaya. Alikuwa mpole, ila foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akanigeuzia kompyuta nijionee. Orodha imeanza Arusha, ikaja Dar es Salaam, ikaja Dodoma, ikateremka hadi Tabora na Tanga, na mwisho kabisa, Zanzibar.

Nikenda kukaa kwenye benchi. Nikakata "Kaskazini Pemba" mara nane, nikaandika "Zanzibar" mara nane, watoto wakinitazama. Beki wangu wa kushoto, mtoto asiyesema sana, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani Heroes ni timu ya mkoa?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimezunguka na suali lile mpaka leo, na nimegundua kuwa si mimi tu nisiyekuwa na jibu. Nyinyi wanne mnalo, au mngepaswa kuwa nalo, lakini hamjalitoa.

Niseme kwanza Zanzibar Heroes ni nini kwetu, kwa faida ya wasomaji wa Bara ambao pengine wanaikumbuka mara moja kwa mwaka. Zanzibar ilianza kushiriki Kombe la Gossage mwaka 1949, pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaani kabla ya uhuru, kabla ya Mapinduzi, kabla ya Muungano, timu iliyoitwa Zanzibar ilikuwa ikisafiri, inacheza, inafungwa na kufunga. Mashindano yale yakabadilika jina mara mbili tatu mpaka yakawa Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati, na sisi tukaendelea kuwamo kwa jina letu. Mwaka 1995 tukalibeba kombe lenyewe, huko huko Uganda. Wazee wangu walilisikiliza redioni. Mimi nilikuwa mdogo, na ninachokikumbuka ni baba kutoka nje ya nyumba akiwa na redio mkononi, antena imekunjika, akipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwake tena.

Kisha ikaja 2017. Ule mwaka una mambo mawili, na yote mawili yanauma kwa namna yake.

La kwanza ni la Machi. Tarehe 16, mjini Addis Ababa, mkutano mkuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili, wa 55. Siku ile ile Issa Hayatou aliangushwa baada ya miaka 29 kwenye kiti, na Ahmad Ahmad wa Madagascar, mtu wa kisiwa kama sisi, akachukua nafasi yake. Hapa Wete watu walipigiana simu kama siku ya Idi. Nakumbuka fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu alitundika kitambaa cha rangi za bendera yetu nje ya duka lake, na hakukiondoa mwezi mzima. Watoto wa skuli wakanitaka niwachoree ubaoni makundi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), Zanzibar ikiwamo. Nikawachorea.

Ikapita miezi minne. Tarehe 21 Julai, Rabat, CAF ikatuondoa. Rais mpya alisema hatukupaswa kupokewa tangu mwanzo, kwa kuwa Shirikisho haliwezi kuwa na wanachama wawili kutoka nchi moja. Sheria ni sheria, na sina ugomvi na aliyeisoma. Ugomvi wangu ni ule ukimya uliofuata hapa nyumbani. Nilisubiri tamko moja la pamoja, lenye saini ya Bara na saini ya Visiwani, la kutueleza wananchi kilichotokea: nani aliomba, kwa idhini gani, nani alikosea kuisoma katiba, na sasa tunaelekea wapi. Kila aliyezungumza alizungumza kwa upande wake. Yule fundi akakishusha kitambaa chake bila ya kusema neno.

La pili ni la Disemba. Vijana wale wale ambao Afrika imewaambia hamumo walikwenda Kenya kucheza Chalenji. Wakaifunga Rwanda 3-1. Wakaifunga Tanzania Bara 2-1. Nusu fainali wakaitoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi, 2-1. Fainali ikachezwa Machakos tarehe 17 dhidi ya wenyeji. Tukatanguliwa, tukachomoa. Katika muda wa nyongeza tukatanguliwa tena, tukachomoa tena. 2-2. Tukatolewa kwa mikwaju ya penalti, 3-2.

Benchini alikuwapo Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco. Uwanjani alikuwapo Feisal Salum, kijana mdogo bado, Fei Toto ambaye leo hakuna asiyemjua. Miaka michache baadaye Morocco huyo huyo ndiye aliyeifikisha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwenye fainali za AFCON ya 2025. Kikosi cha Stars kimebebwa na watu wa visiwa hivi tangu zamani: Nadir Haroub aliyevaa kitambaa cha unahodha, Abdi Kassim aliyefunga goli la mwanzo kabisa Uwanja wa Taifa ulipofunguliwa mwaka 2007, na hawa wa sasa kina Feisal, Mudathir Yahya na Ibrahim Hamad Bacca. Nasema haya ili mnielewe. Taifa Stars ni timu yangu pia. Inapocheza nakaa mbele ya televisheni na moyo mkononi, na wimbo wa taifa unapopigwa nasimama hata nikiwa peke yangu chumbani. Ninachokiandika hapa hakitoki kwa mtu anayeichukia Tanzania.

Sasa tuje kwenye kiini.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya mambo ya Muungano. Yalianza 11 mwaka 1964, leo ni 22. Nimeisoma orodha ile mara nyingi, na nimewasomesha wanafunzi wangu wa uraia. Ulinzi umo, uraia umo, sarafu imo, hata usafiri wa anga umo. Michezo haimo. Ndiyo maana kuna wizara mbili za michezo. Ndiyo maana Bara kuna Baraza la Michezo la Taifa na Zanzibar tuna baraza letu. Ndiyo maana kuna ligi mbili, na CAF yenyewe inaendelea kuwapokea mabingwa wetu kwenye mashindano ya klabu, kina KMKM, Mlandege na JKU, kwa nafasi zao wenyewe wala si kwa nafasi za Bara.

Lakini katika orodha ile ile, karibu na juu kabisa, kuna Mambo ya Nchi za Nje. Na hapo ndipo mpira wetu unaponasa. Mchezaji akiwa kwenye viwanja vyetu, Gombani au Amaan, ni mchezaji wa Zanzibar. Akivuka mpaka kwenda kucheza kufuzu Kombe la Dunia, ghafla yeye si wa Zanzibar tena kwa sababu kiti cha FIFA ni kimoja, na kimeshikwa na shirikisho lenye ofisi Dar es Salaam. Jambo lisilo la Muungano limegeuka la Muungano bila ya Bunge kulipitisha, bila ya Baraza la Wawakilishi kuulizwa, bila ya mtu yeyote kutia saini. Limejigeuza tu, kwa sababu hapana aliyetaka kulishika.

Nalijua jibu litakalokuja: FIFA inataka nchi huru. Ni kweli kwamba kanuni yake ya jumla ni hiyo. Lakini katiba ya FIFA ina kifungu kingine kinachoruhusu shirikisho la eneo lisilo huru kuomba uanachama, kwa idhini ya shirikisho la nchi ambayo eneo hilo liko chini yake. Kwa kifungu cha namna hiyo Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme wa Denmark, vimo FIFA tangu 1988. Mechi yao ya kwanza ya mashindano, mwaka 1990, waliifunga Austria 1-0, na ilibidi waichezee Sweden kwa kuwa kwao hakukuwa na uwanja wa majani unaofaa. Curaçao, kisiwa kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi chenye watu wasiofika laki mbili, kimefuzu Kombe la Dunia la 2026. Sisi kwa sensa ya 2022 ni watu milioni 1.89.

Lugha ya "eneo lililo chini ya" haitukai vizuri, nakiri. Zanzibar haikuwa koloni la Tanganyika. Iliingia Muungano tarehe 26 Aprili 1964 ikiwa dola, yenye kiti chake Umoja wa Mataifa tangu Disemba 1963. Waziri Mkuu mmoja aliposema bungeni mwaka 2008 kwamba Zanzibar si nchi, visiwa vizima vilichemka, na marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 yakaandika waziwazi kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo tuko kwenye hali ngumu. Kwa Katiba yetu sisi ni nchi, kwa FIFA si nchi, kwa CECAFA ni nchi, kwa CAF ni nchi tukicheza na klabu ila si nchi tukicheza na timu ya taifa, na kwa ile kompyuta niliyogeuziwa ni mkoa baada ya Tanga. Mtoto wa miaka 15 nimwelezeje hayo yote?

Najua pia kuwa CAF imeufunga mlango kwa komeo la pili. Mwaka 2021, Rabat tena, ilibadili katiba yake ili uanachama uwe wa nchi huru zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kila mtu alielewa kuwa nyuma yake kuna suala la Sahara Magharibi, eneo linalodaiwa na Morocco, ugomvi wa watu wengine kabisa. Lakini kikao kile kilikuwa na wajumbe, na Tanzania ina kura pale. Asiyekuwapo na lake halipo. Sisi hatukuwapo. Aliyekuwapo kwa niaba yetu alisema nini? Hili si shutuma, ni suali, na ninaliuliza nikiamini lina jibu. Tuambieni.

Wapo wanaoogopa, na hofu yao naiheshimu. Nimekaa nayo barazani na kubishana nayo usiku mzima. Wanasema timu mbili za taifa ni mwanzo wa mataifa mawili. Mimi nawatazama Waingereza. Scotland na England ziliungana mwaka 1707, na tangu mpira wa kimataifa uanze mwaka 1872 zimekuwa zikicheza zenyewe kwa zenyewe kwa jezi tofauti. Waskoti walipotaka kuamua kubaki au kuondoka, mwaka 2014, waliamua kwa kura, na wengi wakachagua kubaki. Jezi haikuvunja kitu. Mtu anayejiona anaonekana ndani ya nyumba hana haraka ya kutoka.

Hofu nyingine ina uzito zaidi, na hii sisi Wazanzibari hatuipendi kuisikia. Tukipata uanachama, Feisal na Bacca watachezea wapi? Taifa Stars itapoteza watu, na wao watapoteza timu iliyokwisha kujijenga, waanze upya kufuzu na kisiwa kidogo. Na wachezaji wetu walioko ligi ya Bara wangehesabiwa wageni? Kuna vijana kadhaa kule wanaolisha familia Unguja na Pemba kwa mishahara ya klabu za Dar es Salaam, Tanga na Mwanza. Siku moja barua ikitoka kwamba nafasi za wageni zimejaa, atakayerudi na boti na begi lake ni mtoto wa jirani yangu. Kwa hiyo sisemi jambo hili ni jepesi, wala sisemi jibu lazima liwe ndiyo. Nasema lizungumzwe na wenye mamlaka, hadharani, na hayo yote yawekwe mezani.

Kwa ndugu zangu wa ZFF na Serikali ya Mapinduzi nina maneno yenu pia, maana si haki kuelekeza kidole Bara tu.

Shirikisho letu lilikaa miaka likivutana, viongozi wakipelekana mahakamani huku ligi imesimama. Nani huko nje angempa kiti mtu ambaye nyumba yake mwenyewe ina kesi? Afadhali sasa pametulia. Lakini angalieni ligi yetu kuu. KMKM ni kikosi cha kuzuia magendo. JKU ni jeshi la kujenga uchumi. KVZ ni kikosi cha valantia. Kuna Zimamoto, kuna Polisi. Ni timu za vikosi, mishahara yao inatoka Serikalini. Nazishukuru kwa sababu zimewapa vijana wengi ajira, na mmoja wa wanafunzi wangu amejenga nyumba kwa ajira hiyo. Lakini timu za mitaa, zile ambazo babu zetu walichangishana senti wakanunua jezi, zimekufa au zinapumua kwa shida. Malindi imezaliwa 1942. Small Simba, Miembeni, Kikwajuni: majina haya yalijaza uwanja. Pemba hali ni mbaya zaidi. Mpira wote ukiwa mikononi mwa Serikali, hapana anayebaki wa kuiuliza Serikali.

Na hapa niseme la Januari. Kila mwaka, siku za Mapinduzi zikikaribia, mpira wetu unakumbukwa. Mwaka 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa, na likaletwa Gombani, Chake Chake. Nilikwenda na vijana wangu wote kwa gari la shamba, kumi na saba tumebanana nyuma. Siku ya ufunguzi tukaifunga Kilimanjaro Stars, timu ya Bara, 1-0. Fainali, tarehe 13, tukaifunga Burkina Faso 2-1. Jua la kaskazi lilikuwa kali, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta, na kina mama wenye watoto mgongoni wamesimama saa mbili nzima. Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja mbele yangu, kanzu imelowa jasho, alikaa chini pale pale kwenye ngazi akafunika uso kwa kofia yake. Nikadhani kazidiwa. Nikamwinamia. Akaniambia, "Niache kidogo, mwanangu. Sikudhani nitaiona hii Pemba."

Viongozi walikuwapo na walifurahi, na nina hakika furaha yao ilikuwa ya kweli. Walivaa jezi, wakapiga picha na vijana, wakatoa ahadi. Kisha ikaja Februari. Kwa timu nyengine za taifa Afrika, Machi ni dirisha la mechi za kimataifa: wachezaji wanaitwa, wanaingia kambini, wanasafiri. Kwa Heroes Machi haina kitu. Hata Juni, hata Septemba. Timu iliyomfunga mtu wa Burkina Faso inakunjwa kama bendera baada ya gwaride, inawekwa kabatini mpaka Januari nyengine au mpaka CECAFA itakapopata fedha za kuandaa Chalenji. Mzee yule analia kwa ajili ya timu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haipo.

Hapo ndipo siasa inapotuumiza. Sina shida na kiongozi anayependa mpira. Rais wetu wa Muungano, Samia Suluhu Hassan, naye ni mtoto wa Kizimkazi, Unguja, alianzisha utaratibu wa kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2023, na hamasa ile tuliiona. Naomba hamasa kama hiyo ifike na upande huu wa bahari. Klabu zetu zinakwenda CAF kila mwaka na mara nyingi zinatolewa mapema, wachezaji wakiwa wamejiandaa kwa wiki mbili. Uwanja wa Amaan umejengwa upya ukafunguliwa Disemba 2023, na Agosti 2025 ukapokea Senegal, Nigeria, Sudan na Congo kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Ni fahari kubwa, nami nilivuka kwenda kutazama. Nilipokaa kwenye kiti kile kizuri nikawaza jambo moja: Afrika imekuja kucheza kwetu, na sisi pale ni wenye uwanja tu.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Pengine Zanzibar itakuwa na sehemu yake. Naomba safari hii tusibaki wenye uwanja tu.

Kwa hiyo naomba haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

TFF mtuambie waziwazi mnaafiki au hamwafiki Zanzibar iombe uanachama wake FIFA. Kama mnaafiki, iandikeni barua ya idhini, iwekeni hadharani, na muende nayo CAF mkapiganie kifungu kile cha 2021 kirekebishwe. Kama hamwafiki, semeni hamwafiki na sababu zake. Kinachotuchosha ni kuambiwa kila mwaka kwamba suala linafanyiwa kazi.

Kama jibu ni hapana, basi haki yetu ndani ya kiti kile kimoja iandikwe. FIFA katika awamu ya 2023 hadi 2026 imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila shirikisho mwanachama, milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Zanzibar inapata kiasi gani, kwa kanuni ipi, na zimetumika wapi? Nina uwanja hapa wenye goli moja la miti ya mikarafuu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiuliza. Mgao uwe na asilimia inayojulikana, na hesabu zake zisomwe mbele ya vyama vya wilaya vya huku. Nafasi kwenye kamati za ufundi, za waamuzi na za vijana zisitegemee huruma ya aliye madarakani.

Mawaziri wawili, kaeni pamoja. Michezo si ya Muungano, uhusiano wa nje ni wa Muungano, na katikati yake kuna watoto. Andikeni makubaliano mafupi, yapelekwe Bungeni na Baraza la Wawakilishi, yaseme nani anaamua nini. Hiyo haihitaji kura ya CAF kule Rabat wala ya FIFA kule Zurich. Inahitaji chumba kimoja na siku mbili.

Na ZFF, itafutieni Heroes mechi. Comoro ni karibu yetu. Kenya na Uganda zimecheza na sisi tangu 1949. FIFA haituzuii kuwaita jirani zetu kwenye mechi ya kirafiki ikiwa TFF itasaidia kuomba ruhusa. Mechi nne kwa mwaka, mbili Unguja na mbili Pemba, zitafanya timu iwepo. Kipa wangu ana miaka 16 na mikono kama nyavu. Nataka awe na kitu cha kukitazamia mbele ambacho hakimlazimishi kwanza kupanda boti na kukata jina la mkoa wake.

Mwezi uliopita zimekuja fomu nyengine, majaribio mengine. Orodha ni ile ile. Yule beki wa kushoto sasa amepita umri, anaendesha bodaboda kati ya Wete na Konde, na jioni nyengine huja kunisaidia kupanga koni. Hajaniuliza tena lile suali, lakini mdogo wake yumo kwenye kikosi.

Tarehe ya mwisho ya kurejesha fomu ni baada ya wiki sita. Nitashukuru nikipata jibu lenu kabla ya hapo.

Wenu katika kazi ya kulea vijana,

Mwalimu wa skuli na kocha wa vijana
Wete, Kaskazini Pemba